Gavana ya jenereta: namba za kontrola huja mwisho

Jenereta ikianza kuyumba baada ya kufungwa kontrola mpya, lawama zote huiangukia kontrola. Taa zinapepesa, mlio wa injini unapanda na kushuka, na fundi anafungua kompyuta, anaingia kwenye ukurasa wa gavana na kubadilisha namba moja baada ya nyingine mpaka hakumbuki tena mwanzo zilikuwa ngapi. Nazungumza na wewe fundi uliye na jenereta ya dizeli ya 50 Hz yenye gavana ya elektroniki, unayetaka ifanye kazi sambamba na jenereta nyingine au na umeme wa gridi. Kazi hii ina mpangilio wake, na ukiuruka ndipo unapojikuta ukibahatisha.

Shika kwanza jambo moja. Kontrola haigusi mafuta. Inayogusa mafuta ni gavana, yaani kidhibiti mwendo cha injini, kupitia aktueta iliyofungwa kwenye pampu. Kazi ya kontrola ni kutuma ombi tu: volti inayopanda au kushuka kidogo, au mapigo ya PWM, au ujumbe wa J1939 kwa injini yenye kompyuta yake. Gavana hulipokea ombi hilo na kuongeza au kupunguza mwendo kwa namna yake. Kwa hiyo udhibiti uko wa tabaka mbili, na tabaka la ndani lisipotulia, la nje haliwezi kulituliza. Litakuwa linalifukuza tu, na mara nyingi litazidisha mtikisiko. Tatizo hili ni la zamani kuliko elektroniki. James Watt alianza kutumia gavana ya mipira inayozunguka kwenye injini zake za mvuke mwaka 1788, na mwaka 1868 James Clerk Maxwell akachapisha makala ya hesabu kueleza kwa nini gavana nyingine hutulia na nyingine huyumba. Hesabu yake iliitazama gavana pamoja na mashine inayoiongoza kama kitu kimoja, na mpaka leo fundi anayezitenganisha hupoteza siku nzima.

Waliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme wa kebo ya baharini kwa takriban miezi mitatu, wanajua jenereta inapogeuka kuwa ndiyo gridi yenyewe. Jenereta inayowashwa nusu saa kwa wiki inaweza kuficha kasoro zake. Inayobeba wodi, friji za dawa na pampu za maji usiku na mchana haifichi kitu.

Injini peke yake kwanza

Kabla ya chochote, jaribu kitufe cha dharura na uhakikishe kinazima injini. Hakikisha pia kinga ya mwendo wa kupita kiasi inafanya kazi. Kwa injini ya mizunguko 1500 kwa dakika, kinga hiyo huwekwa kwa kawaida kati ya asilimia 110 na 115, yaani 1650 hadi 1725. Utakuwa unachezea kitu kinachoamua kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini, na siku aktueta itakapokwama wazi, kinga hiyo ndiyo itakayokuokoa wewe na waliosimama karibu.

Sasa chomoa waya unaotoka kontrola kwenda kwenye gavana, uuzungushie tepu usiguse chuma, na uwashe injini. Iache mpaka maji yafike joto la kazi, kwa sababu injini baridi ina tabia tofauti na utairekebisha kwa hali ambayo haitadumu dakika kumi. Jenereta ya poli nne hutoa 50 Hz ikizunguka mara 1500 kwa dakika. Itazame bila mzigo, kisha na nusu ya mzigo, kisha karibu na mzigo wote. Ikiyumba hapa, kontrola haihusiki kabisa, na ifunge kompyuta.

Sababu za kuyumba katika hatua hii ni za karakana. Chujio la dizeli lililoziba humfanya fundi aamini geini ni ndogo, kumbe injini ina njaa. Hewa kwenye mfumo wa mafuta huleta mtikisiko usio na mpangilio: unakuja, unapotea, unarudi. Viungio kati ya aktueta na pampu vikilegea, hata kwa milimita moja, aktueta itasogea bila mafuta kubadilika, kisha yatabadilika kwa ghafla. Hakuna namba kwenye skrini inayotibu hilo. Tazama pia mwendo wa aktueta yenyewe. Kutoka bila mzigo hadi mzigo wote inapaswa kutumia sehemu kubwa ya safari yake, kama theluthi mbili. Ikitumia kipande kidogo tu, kila mguso wake unakuwa mkubwa mno kwa injini. Sogeza tundu la kiungio kwenye mkono wa pampu kabla ya kugusa kitu kingine.

Sensa ya mwendo kwenye flaiwili huonewa sana, au husahauliwa kabisa. Injini ikiwa imezimwa, ile ya sumaku huwekwa kwa kuizungusha ndani mpaka iguse jino kidogo, kisha kuirudisha nyuma robo tatu ya mzunguko. Hapo pengo hubaki takribani milimita 1. Stata inapozungusha injini, sensa itoe angalau volti 1 ya AC. Ncha yake huvuta unga wa chuma, kwa hiyo itoe uipanguse. Na hakikisha umeandika idadi sahihi ya meno: flaiwili ya meno 118 kwa mizunguko 1500 hutoa mapigo 2950 kwa sekunde, na ukikosea idadi hiyo, kontrola itasoma mwendo wa uongo na kufanya maamuzi ya uongo.

Betri nayo ipimwe wakati injini inazunguka, kwenye temino za gavana zenyewe. Aktueta hunyonya mkondo mwingi inaposukumwa, na waya mwembamba wenye kutu huangusha volti wakati huohuo inapohitajika.

Yote hayo yakiwa sawa, rekebisha skrubu za gavana yenyewe. Nyingi zina mbili zinazohusika: ya geini na ya uthabiti. Pandisha geini taratibu mpaka injini ianze kutetemeka, rudisha nyuma mpaka itulie, kisha rudisha kidogo tena. Fanya hivyohivyo kwa ya uthabiti. Gusa mkono wa aktueta kwa haraka uusogeze kidogo, uachie. Injini yenye afya huruka mara moja au mbili na kurudi mahali pake.

Volti ya katikati

Hapa ndipo kontrola inapoingia, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Kila gavana inayopokea volti ina volti moja ambayo kwake ni sawa na kutoombwa chochote. Kontrola zinaiita baiasi. Mimi nitaiita volti ya katikati. Injini ikizunguka kwenye 50 Hz na waya wa kontrola ukiwa bado nje, weka mita kwenye temino mbili za gavana zinazopokea ombi. Tuseme inasoma 4.97. Andika 4.97 kwenye kontrola, si 5 kwa sababu kitabu kimesema 5. Kisha unganisha waya huku macho yako yakiwa kwenye frikwensi. Ikiwa namba haikusogea, katikati umeipata. Ikiruka kutoka 50.0 hadi 50.4 mara waya unapogusa, hapajakaa sawa, na kontrola itaanza kila kazi ikiwa na deni la kulipa. Si gavana zote zina katikati ya volti 5; nyingine katikati yake ni 0 na hutaka volti ya chanya na ya hasi. Fungua kitabu cha gavana yako uone ni ipi kabla ya kuunganisha.

Waya huu uwe wa jozi iliyosokotwa yenye ngao, na ngao ifungwe ardhini upande mmoja tu. Ukiupitisha pamoja na kebo za nguvu kwenye bomba moja, utakuwa unarekebisha kelele.

Kisha mwelekeo. Breka ikiwa imefunguliwa na hakuna mzigo, ongeza volti ya katikati kwa mkono kidogo tu, tuseme 0.2. Frikwensi ikipanda, mwelekeo ni chanya. Ikishuka, ni hasi, nawe uiambie kontrola hivyo. Gavana za GAC za familia ya ESD5500, kwa mfano, hupunguza mwendo volti inapopanda kwenye temino ya ombi. Usikisie na usiruke jaribio hili. Mwelekeo ukigeuzwa, kontrola inayotaka kupunguza itaongeza, itaona imeongezeka, na itaongeza tena mpaka ifike ukutani. Jenereta mbili zikiwa sambamba, moja itabeba mzigo wote na nyingine itaanza kusukumwa kama mota mpaka kinga ya nguvu za kurudi iifungue. Baada ya jaribio, rudisha volti ya katikati ilipokuwa.

Mipaka inafuata. Kontrola za ComAp hukuandikisha volti ya katikati na mipaka miwili, ya chini na ya juu. Za Deep Sea Electronics hutumia namba mbili, SW1 kwa ajili ya katikati na SW2 kwa ajili ya upana. Nia ni ileile: kontrola iweze kuisogeza injini kiasi cha kutosha, lakini isiweze kuipeleka mahali pa hatari. Kwa gavana isiyo na drupu, upana wa kutoka 47.5 hadi 52.5 Hz unatosha kazi nyingi. Upana ukiwa mkubwa kuliko haja, kila hatua ndogo ya kontrola inakuwa kubwa kwa injini na kuitafutia geini inakuwa shida.

Gavana yenye drupu inataka hesabu. Chukua jenereta ya kilowati 200 yenye drupu ya asilimia 4. Ukiiweka 50 Hz bila mzigo, ikibeba mzigo wote gavana itaiacha ishuke hadi 48. Ili iendelee kutoa 50 ikiwa imejaa, kontrola inapaswa kuiombea Hz 2 nzima juu ya katikati. Sasa kama mpaka wa juu unaruhusu Hz 1 tu, jenereta itafika kilowati 100 na kusimama hapo. Utaiona kontrola inadai zaidi, volti ya ombi imegota kwenye mpaka, na jenereta ya pili inabeba yaliyobaki mpaka inalemewa. Mafundi hubadilisha pampu kwa sababu ya hali hii. Dawa ni kuweka mwendo wa gavana uwe 51 bila mzigo, ili kwenye nusu ya mzigo uwe 50 na kontrola ihitaji Hz 1 tu kila upande, kisha kupanua mipaka kidogo iwe na akiba.

Kuoanisha na kubeba mzigo

Sasa ndiyo zamu ya geini za kontrola, na kwa desturi ni seti mbili: ya frikwensi, inayotumika kabla breka haijaingia, na ya mzigo, inayotumika baada ya kuingia. Usizichanganye. Jenereta inayooana vizuri na kuyumba mara breka inapoingia ina tatizo kwenye seti ya pili, na kurudi kuchezea ya kwanza ni kuharibu kilichokaa.

Zuia breka isiweze kuingia. Chomoa waya wa koili ya kufungia au tumia hali ya majaribio ya kontrola. Basba iwe na umeme kutoka jenereta nyingine. Weka intigrali ndogo, anzisha kuoanisha, na upandishe geini ya frikwensi mpaka uone frikwensi inaanza kupita juu na chini ya shabaha bila kutulia. Shusha kutoka hapo kwa theluthi moja hadi nusu. Kisha ongeza intigrali kidogo kidogo mpaka tofauti inayobaki iondoke bila kuchelewa. Geini ya pembe iwe ya mwisho: ndiyo inayosogeza wimbi la jenereta lilingane na la basba. Tofauti ya 0.1 Hz maana yake pembe inazunguka duara zima kwa sekunde kumi. Ukiona sindano ya sinkroskopu inakaribia juu, inapita, inarudi, inapita tena, geini ya pembe imezidi. Ikija na kubaki ndani ya nyuzi 10 kwa utulivu, rudisha waya wa breka.

Seti ya mzigo ina tabia nyingine. Jenereta ikiwa sambamba na gridi, mwendo wake umeshikwa na gridi. Ombi la kontrola halibadilishi tena frikwensi, linabadilisha kilowati. Kwenye gavana isiyo na drupu, volti ndogo sana ya ombi inaweza kusogeza kilowati nyingi, na ndiyo maana geini ya mzigo huanza chini kabisa. Anza na kiasi kidogo cha mzigo, kama asilimia 30, na upandishe geini kwa hatua. Mzigo uingie kwa ngazi ya wakati, sekunde 20 au 30 hadi kujaa, na utoke hivyohivyo kabla ya breka kufunguka. Kinga ya nguvu za kurudi kwa dizeli huwekwa mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, ikichelewa sekunde chache. Na kufanya kazi sambamba na gridi kunahitaji ruhusa ya shirika la umeme na kinga linazozidai. Fundi wa shirika anayepanda nguzo akiamini laini imekufa anategemea uaminifu wako.

Jenereta zinapogawana mzigo kati yao tu, kontrola huambiana kupitia waya wa CAN kila jenereta imebeba asilimia ngapi. Waya huo unataka kizuizi cha ohm 120 kila mwisho wake. Zima umeme wote, pima kati ya waya mbili: ukisoma karibu ohm 60, viko viwili na viko sawa, ukisoma 120, kimoja kimepungua. Hiki ni kipimo cha nusu dakika ambacho kingeokoa safari nyingi za mafundi. Kontrola za watengenezaji tofauti kwa kawaida hazielewani kwenye waya huu, na katika hali hiyo tumia drupu sawa kwa kila jenereta, uiache fizikia igawe.

Kosa moja nalisisitiza kwa sababu linatafuna muda wa wengi. Ampea zinapanda kwenye jenereta zote mbili bila mzigo wa kutosha kuzieleza, na fundi anakimbilia gavana. Tazama kilowati kwanza. Kilowati zikiwa zimegawanyika vizuri na ampea bado ni nyingi, basi kinachozunguka kati ya jenereta ni kVAr, na hiyo ni kazi ya AVR, si ya gavana. Gavana huamua kilowati, AVR huamua volti na kVAr. Ukirekebisha gavana kutibu kVAr, utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Jaribio la mwisho ni mzigo wa ghafla. Washa pampu kubwa au koili za majaribio na urekodi frikwensi inashuka kiasi gani na inarudi baada ya muda gani. Kiwango cha ISO 8528-5, daraja la G2, kinaruhusu frikwensi kushuka kwa asilimia 10 mzigo unapoingia, yaani hadi 45 Hz, na kurudi ndani ya sekunde 5. Daraja la G3 linataka isishuke zaidi ya asilimia 7 na irudi ndani ya sekunde 3. Ukiona inarudi polepole bila kupita shabaha, una nafasi ya kuongeza kidogo. Ikipita na kurudi mara tatu nne, punguza.

Usinakili namba za jenereta ya Mombasa ukazibandika Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hushindwa kupokea kwa hatua moja mzigo ambao Pwani iliumeza bila shida; yenye tabo huchelewa kidogo kupata pumzi. Hapo dawa ni kuuingiza mzigo kwa vipande. Geini haiwezi kuleta hewa.

Ukimaliza, hifadhi faili la kontrola lenye tarehe, kisha andika kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya mlango wa paneli: volti ya katikati, mwelekeo, mipaka, drupu, geini na intigrali za frikwensi na za mzigo, geini ya pembe, na mahali skrubu za gavana zilipoachwa. Siku aktueta, pampu au gavana itakapobadilishwa, anza tena pale kwenye kuchomoa waya na kupima volti ya katikati, hata kama kifaa kipya kina namba ileile ya modeli.